Maswali ya Wasomaji: Anayebadilika Unapobadilika

Katika safu iliyopita niliuliza kama kuna msomaji aliyewahi kukabwa njiani akiwa tayari na hisia kwamba jambo fulani linakuja, akaipuuza hisia hiyo. Nilitarajia majibu mawili matatu. Nimepokea rundo, na karibu kila barua inauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: je, dalili huonekana kabla, au ni bahati tu? Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kugusa maana. Nimewafundisha walinzi wa maghala na maduka hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninayoyasema humu ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wao.

*Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi saluni Mwenge na naishi Tabata. Mwezi uliopita nilishuka kwenye daladala saa tatu usiku nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Kijana mmoja alinisalimia kwa heshima, akaniuliza nyumba ya mjumbe iko wapi. Nilisimama nimwelekeze, na nilipokuwa nimenyoosha mkono kuonyesha njia, mwingine akanipiga roba kutoka nyuma. Walichukua simu na pochi. Mume wangu anasema hapakuwa na namna ya kujua mapema. Je, ni kweli? — Dada wa Tabata*

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Mumeo amesema hivyo ili usijilaumu, na katika hilo yuko sahihi kabisa, kwa sababu kosa ni la aliyekaba. Hata hivyo dalili zilikuwepo, na wewe mwenyewe umeziandika bila kujua. Katika barua yako ndefu, ambayo nafasi haikuniruhusu kuichapa yote, umetaja kwamba vijana hao walikuwa wamesimama pamoja pale kituoni, kwamba ulipoanza kutembea mmoja akatangulia mbele na mwingine akabaki nyuma, na kwamba aliyekuuliza alikuwa akitazama juu ya bega lako wakati ukimjibu.

Tuanze na kutengana. Watu wawili wanaokwenda pamoja huachana kwa kuagana, hata kama ni kwa neno moja au kwa kupungiana mkono. Wakiachana kimya mara tu mtu wa tatu anapopita, na wote wawili wakaendelea kuelekea kule anakoelekea mtu huyo, basi mtu huyo amekwishawekwa katikati. Mkabaji anahitaji kuwa karibu nawe na anahitaji usiwe umemkabili, na namna rahisi ya kuyapata yote mawili ni kuwa na mwenzake atakayekushughulisha mbele. Kwa hiyo ukiona wawili wametengana, usimwangalie tu anayekuja mbele yako. Mtafute mwingine aliko.

Kisha kuna macho. Mtu anayeuliza njia kwa shida ya kweli hutazama uso wako na baadaye hufuata mkono wako, kwa sababu anataka kufika. Anayetazama juu ya bega lako ana mawili: anaangalia kama kuna mtu wa kumwona, au anamwangalia mwenzake anayesogea. Walinzi wangu niliwaambia wasihesabu mtazamo mmoja, kwa maana sote hutupa jicho huku na huku tukiwa njiani usiku. Wahesabu mtazamo unaorudiwa, kushoto, kulia, nyuma yako, kisha kwako tena, na hasa pale unapoambatana na mkono unaogusa kiuno au mfuko kana kwamba unahakikisha kitu bado kipo. Mikono ndiyo inayodhuru, na mtu ambaye mkono wake mmoja hauonekani tangu aanze kukusemesha anastahili umbali zaidi ya mwingine yeyote.

Jambo la tatu ni swali lenyewe. Mgeni anayetafuta nyumba ya mjumbe saa tatu usiku huuliza dukani kwa Mangi, palipo na taa na watu wanaowajua wakazi, wala hamsubiri mwanamke anayetembea peke yake gizani. Swali la mkabaji huchaguliwa kwa kile litakachoufanya mwili wako ufanye. Kuelekeza njia hukufanya usimame, ugeuke na kunyoosha mkono. Kuulizwa saa hukufanya utoe simu. Kuombwa chenji hukufanya ufungue pochi. Anatumia uungwana wetu, maana katika jiji hili asiyeitikia salamu huonekana ana kiburi, na kusimama kumsikiliza mtu ni adabu tuliyolelewa nayo. Sisemi uache adabu hiyo. Salamu huitikiwa huku miguu ikiendelea: "Salama kaka, mimi si mwenyeji, waulize pale dukani," na unapita ukiwa umegeuza bega upande wake, usimpe mgongo wala usimkaribie. Mwenye shida ya kweli atakwenda dukani. Mwingine atazidi kukusogelea, ataanza kukulaumu kwamba unaringa, au atakuuliza swali la pili kabla ya lile la kwanza kuisha. Hapo amekwisha kujieleza.

Kuhusu umbali, kuna kipimo kimoja ambacho walinzi hawakukisahau. Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu zoezi alilolifanya na wenzake, akaonyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kumaliza futi 21, yaani mita sita na ushei, kwa takribani sekunde moja na nusu. Ni kama urefu wa daladala ndogo. Aliyekuuliza wewe alikuwa hatua moja mbele yako, na mwenzake pengine hatua mbili nyuma, kwa hiyo ulipoanza kunyoosha mkono muda wa kujiokoa ulikuwa umekwisha kupita. Dalili za mapema ndizo zenye thamani. Zile za mwisho, kama vile taya kukaza, pumzi kwenda juu, kulamba midomo, kujifuta uso mara kwa mara, mguu mmoja kurudi nyuma na majibu yasiyolingana na maneno yako, ni vizuri kuzijua, lakini ukiziona ujue umebakiwa na nafasi ya kuruka pembeni tu.

*Mwalimu, mimi ni machinga Kariakoo. Tunaofanya kazi mtaani tunachoshwa na watu wanaokumbatia mikoba yao wakituona. Ukiwafundisha watu dalili, huoni kwamba unawafundisha kutushuku sisi wenye nguo zilizochakaa? — Kijana wa Mtaa wa Kongo*

Swali lako nimelipenda kuliko yote, na nakiri kwamba mafunzo mengi ya aina hii yameleta madhara hayo. Nguo si dalili. Ushauri unaotoka nchi za baridi husema umwogope mtu aliyevaa jaketi zito wakati wa joto, kwa kuwa huenda ameficha silaha. Ushauri huo ukiufuata hapa utawakimbia madereva wote wa bodaboda, ambao huvaa jaketi Februari na Julai kwa sababu ya upepo. Kukodolewa macho nako si dalili. Vijana wa kijiweni humtazama kila apitaye, tangu asubuhi, kwa kuwa hawana kingine cha kutazama. Kijiwe kikibadilika ndipo pa kushtuka: mazungumzo yanakatika ghafla unapokaribia, mmoja anainuka na kutangulia kule unakokwenda, wengine wanajifanya hawakukuona.

Kwa hiyo nawaambia watu waangalie mwendo, tena mwendo unaohusiana na wa kwao. Ukipunguza hatua, je, naye anapunguza? Ukisimama mbele ya kibanda cha chipsi, naye amepata sababu ya kusimama? Ukivuka barabara, naye amevuka? Mara moja inaweza kuwa bahati, kwa sababu watu wengi huelekea upande mmoja jioni. Ukibadilisha mara mbili naye akabadilika mara mbili, hilo ni vigumu kuwa bahati, na wala halihusiani na shati alilovaa. Mwenye suti hupimwa vivyo hivyo.

Kwa wateja wako wa Kariakoo nitaongeza jambo. Katika Mtaa wa Kongo kusukumwa si dalili, kwa kuwa kila mtu anasukumwa; dalili ni kusukumwa mahali ambapo pana nafasi. Mtu anayekubana wakati pembeni yake pako wazi ana sababu ya kukubana. Vivyo hivyo katika vituo vya mwendokasi, waangalie wale wanaojazana mlangoni basi linapofika, wakiwa wameshika gazeti, mfuko mtupu au koti mbele ya kifua ili mkono wa chini usionekane, kisha mlango unapokaribia kufungwa hawapandi. Hao hawakuwa wakisubiri basi.

Na kuna upande wa pili ambao nadhani utakufaa wewe kama mfanyabiashara. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Betty Grayson na Morris Stein, walichapisha matokeo ya utafiti ambamo waliwarekodi kwa siri watu wakitembea New York, kisha wakawaonyesha picha hizo wafungwa waliokuwa wamehukumiwa kwa kushambulia watu, wakawauliza ni nani angekuwa rahisi kushambuliwa. Kilichowatofautisha walioonekana rahisi kilikuwa namna ya kutembea: hatua ndefu mno au fupi mno, mguu unaoinuliwa na kutuliwa badala ya kwenda kwa mfululizo, mwili ambao viungo vyake haviendi pamoja. Mimi nikisoma hayo namwona mtu anayetembea huku akiandika ujumbe kwenye simu. Nawe unawaona kila siku.

*Habari za kazi, ndugu mhariri. Mimi ni babu wa miaka 71, naishi Magomeni. Mjukuu wangu amenyang'anywa begi na watu waliokuwa kwenye pikipiki, mchana kweupe, na anasema hawakuwepo, kisha wakawepo. Hawa nao wana dalili? — Mzee wa Magomeni*

Shikamoo, mzee wangu. Wanazo, ila husikika kabla ya kuonekana. Pikipiki inayopita njia yake ina sauti inayokuja na kupita. Ya mkwapuzi huja, hupungua nyuma yako bila kusimama, kisha huvutwa mafuta ghafla. Kule kupungua kwa mlio nyuma ya bega ndiko kunakopaswa kumfanya mjukuu ageuke. Mara nyingi pia huwa imewahi kupita mara moja, polepole, yule wa nyuma akiwa anatazama pembeni ilhali abiria wa kawaida hutazama mbele au simu yake. Ikionekana ikigeuza na kurudi, basi begi lihamishwe upande wa ukutani na mwenyewe aingie duka lolote lililo karibu.

Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, anayetembea upande wa kulia wa barabara huyaona yanayomjia, na mkwapuzi hupoteza nusu ya faida yake. Najua bodaboda zetu hupita pande zote mbili na hata juu ya njia ya miguu, lakini nusu si haba. Mwambie pia asizungushe mkanda wa begi shingoni. Watu huburuzwa.

*Mwalimu, hujambo? Nasoma chuo, nakaa Kimara. Usiku hupanda bajaji za kuchangia. Mara moja bajaji ilikuwa na abiria wawili, mmoja akashuka ili nikae katikati. Nilikataa nikaonekana mjeuri. Nilikosea? — Mwanafunzi*

Sijambo. Hukukosea hata kidogo. Abiria wengi hushuka kumpisha mwingine kwa sababu za kawaida tu, kama vile kutaka upepo au kuwa wa kwanza kushuka mbele, na pengine hao wako walikuwa wa namna hiyo. Lakini anayekaa katikati hana mlango, na waporaji wanaotumia bajaji na teksi wanalijua hilo. Sema "mimi nashuka hapo karibu, nitakaa pembeni," na angalia jibu. Abiria wa kweli hajali. Dereva wa kweli anataka nauli. Wakianza wote watatu kukushawishi, na hasa dereva akiingilia mjadala wa nani akae wapi, iache iende. Namba ya usajili isome kabla hujapanda, tena kwa sauti, ukiwa umeweka simu sikioni hata kama hakuna anayekusikiliza.

*Mhariri, kwenye magrupu ya simu kila baada ya muda hutumwa ujumbe kwamba Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, wanakuja. Tunafunga maduka bure. Tunajuaje ipi ni kweli? Na swali la pili: ukishaziona dalili, ufanye nini? Nipigane? — Muuza vipuri, Mbagala*

Kuhusu swali la kwanza, wakazi wengi wa jiji hili wanaikumbuka Januari 2015, pale habari za Panya Road zilipowafanya watu wakimbie na wafanyabiashara wafunge maduka katika mitaa ambayo hakuna kundi lolote lililoonekana. Ujumbe uliotumwa na mtu aliyetumiwa na mwingine sio dalili. Kundi linaposhambulia kweli, mtaa wenyewe husema: mageti ya maduka yanashuka kwa mfuatano kutoka upande mmoja kuja kwako, na watu wanakuja mbio wakitazama nyuma. Ukiona hivyo ingia ndani, funga, uliza baadaye. Ukiwa na ujumbe tu, mpigie mtu unayemfahamu anayeishi huko kunakotajwa, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Swali la pili lina jibu lisilopendeza vijana. Ukiziona dalili mapema, badilisha njia kuelekea kwenye mwanga na watu: duka, kituo cha mafuta, kwa mama lishe, kwa wakala wa pesa ambaye bado hajafunga. (Ila kwa wakala angalia kwanza aliyesimama karibu bila shughuli, hasa mwisho wa mwezi, wengine huanzia pale kuchagua nani wa kumfuata.) Mkabili kwa macho mara moja, bila kumtukana, ili ajue umemwona, kwa sababu alichokuwa akitegemea ni kwamba hujamwona. Ukizidi kusogelewa, sema kwa sauti kubwa "Baki hapo hapo!" Maneno hayo humchanganya mwenye nia mbaya, na muungwana atasimama na kuomba radhi.

Ikiwa wamekwisha kukufikia na wana kisu au panga, toa simu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, una kifungo kisichopungua miaka 30, na mtu aliyekwisha kuingia katika hesabu hiyo hana sababu kubwa ya kukuhurumia. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, kwa nguvu inayolingana na hatari. Ikizidi hapo, nawe utajibu. Mkimbie pale tu mwanya unapokuwa mkubwa, na uutupe mkoba upande mmoja huku ukikimbilia mwingine.

Naomba uwe mwangalifu na neno "Mwizi!" Sote tumeona linachofanya. Ukilipiga kwa kumshuku tu aliyebadilisha njia mara mbili kama wewe, wananchi wenye hasira wanaweza kumuua mtu aliyekuwa akienda kwa shangazi yake, na hao watakaoua watakuwa wauaji mbele ya sheria. Piga kelele ya "Nisaidieni!" ambayo huleta watu bila kuwapa mtu wa kumpiga. Baada ya hapo piga 112, namba ya dharura ya polisi, na kama umejeruhiwa omba kituoni fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

*Mwalimu, samahani kwa swali la kichokozi. Wewe mwenyewe, pamoja na ujuzi wote huo, umewahi kukabwa? — Msomaji wa Sinza*

Ndiyo. Ilikuwa Manzese, karibu na daraja la waenda kwa miguu, miaka mingi kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016. Nilikuwa nimetoka kufundisha somo hilihili, nimechoka, na mkononi nilikuwa na mfuko wa machungwa. Kijana akaniambia, "Shikamoo baba, saa ngapi sasa?" Nikafurahi kupewa shikamoo, nikahamisha machungwa mkono wa kushoto, nikaingiza wa kulia mfukoni kutoa simu. Sikumwona aliyeichukua. Niliona machungwa tu yakibiringika kuelekea barabarani, na yule wa shikamoo akiwa bado amesimama, akinitazama kama mtu anayesubiri jibu, kabla naye hajaondoka kwa hatua za kawaida.

Wiki hiyo nilinunua saa ya mkononi ya bei rahisi. Ninayo mpaka leo. Nikiulizwa saa, nainua mkono bila kusimama, najibu, na napita.